Krismasi ya uchagani tukiwa Minnesota, na nilichojifunza kuhusu wanaobaki nyumbani

Kwetu Kilema, uchagani mlimani Kilimanjaro, Krismasi haianzi tarehe 25. Inaanza mwezi wa kumi na moja, pale mtu wa Dar anapopiga simu kuuliza barabara ya kupanda juu ikoje na hizi mvua za vuli, na mama anamjibu we njoo tu, gari litafika linapofika na pengine utatembea. Kuanzia hapo ni mbio. Wanaosafiri mnajua hali inavyokuwa Mbezi wiki ya mwisho kabla ya sikukuu, tiketi ya Moshi inatafutwa kwa tochi, LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, wanatoa vibali vya mabasi ya ziada, wenye magari binafsi wanapakia mchele, mafuta, magodoro, watoto, jogoo, kila kitu. Tangu Desemba 2019 treni nayo ikarudi mpaka Moshi baada ya miaka mingi ya kutokuwepo na watu wakaifurahia kweli. Ni kama kilometa 560 hivi, Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, ukifika Mwanga unaanza kuutafuta mlima kwa macho kama mawingu yatakuruhusu, kisha Himo, hapo unashuka unatafuta gari la kupanda juu, na ile baridi ya kwanza ya migombani ikikupiga usoni unajua umefika.

Watu wanatutania sana kwa hili, kwamba Desemba Dar inabaki tupu Wachaga wote wamekwenda kwao. Sawa. Ila sababu yake ni nzito na wengi hawaijui. Ardhi ya mlimani ni ndogo, kihamba cha babu, yaani shamba la ukoo la migomba, kinagawiwa kwa watoto, watoto wanagawia watoto wao, mpaka kinafika mahali hakigawiki tena na mtu inabidi aende akatafute maisha kwingine. Kwa hiyo watu wetu walitoka zamani sana, wakaenda Dar, Arusha, Tanga, Mwanza, Nairobi, biashara na kazi za ofisi, lakini kihamba kikabaki, na kwenye kihamba ndipo wazee walipozikwa. Mtu anatoka lakini hahami. Mwisho wa mwaka anarudi aonekane, watoto wake wajulikane, vikao vya ukoo vifanyike, ndoa zifungwe, wanaodaiwa msamaha waombe, halafu Januari anashuka tena mjini.

Sasa sikukuu yenyewe ikiwa ni kurudi, wewe usiyeweza kurudi unaisherehekeaje?

Hilo swali nimeishi nalo huku Minnesota. Mi ni mtoto wa Kilema, Vunjo, mume wangu ni wa Machame, na tunaishi kwenye mji mmoja pembeni ya Minneapolis. Nauli ya familia nzima kwenda Kilimanjaro Desemba ni pesa ambayo ukiilipa huna ada ya watoto, huna ya bima, na mama nyumbani anahitaji dawa. Kwa hiyo tunakwenda inapowezekana, na mara nyingi haiwezekani.

Krismasi yangu ya kwanza huku niliipitisha kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, shifti mbili mfululizo, kwa sababu siku za sikukuu walikuwa wanalipa mara moja na nusu na ile pesa ilikuwa na kazi yake. Sijutii kabisa. Kulikuwa na bibi mmoja niliyekuwa namlisha, akaniuliza leo kwenu watu wanakula nini, nikaanza kumwelezea mtori, jinsi mifupa inavyochemka tangu alfajiri, ndizi zinavyopondwa, akawa anatafuna taratibu anasikiliza, nikinyamaza ananiambia endelea. Nikamweleza mpaka mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Ndio mtu wa kwanza niliyemsimulia Krismasi ya kwetu na mpaka leo namkumbuka, alifariki mwaka uliofuata.

Mwaka wa pili tukasema tunapika.

Nyama ya mbuzi Minnesota haina shida kuipata, huku kuna Wasomali wengi kuliko jimbo lolote Marekani na maduka yao ya halali yako kila kona. Shida ni kwamba mbuzi unayemkuta ni wa kwenye friza, wengi wanatoka Australia, amekatwakatwa kwa msumeno vipande vidogo vidogo vya mraba na vipisi vya mfupa ndani yake. Ukipika mchuzi ni mtamu, sina neno. Tukapika, tukaalika watu, tukamwalika na Meku mmoja, ndivyo tunavyowaita wazee, wa Marangu ambaye amehamia huku kuishi na binti yake, mzee wa watu mstaafu, mpole. Akala, akashukuru, akasema aika, aika sana. Halafu akaniuliza taratibu, mwanangu, huyu mbuzi mlichinjia wapi?

Aliuliza kwa upendo tu. Lakini nikaelewa anachouliza. Mbuzi wa Krismasi kwetu sio kitoweo, ni mgawanyo. Kila kipande kina mwenyewe. Kwetu kidari ni cha wazee, halafu mgongo, shingo, mapaja, kichwa, kila kimoja kina mtu wake au nyumba yake, na ukoo mwingine unagawa kwa namna yao tofauti na kila mmoja anaona namna yake ndio sahihi. Mtu anapopewa kipande chake mbele ya watu anaambiwa tunajua wewe ni nani hapa. Yule mzee amekaa kwenye sofa yangu, ametoka mbali, na kwenye sahani nimemwekea vipande vitano vya mraba vinavyofanana na vya watoto. Msumeno ule unafuta kila kitu, huwezi kujua hiki ni kidari au ni paja, na huwezi kumpa mtu heshima yake kwa kipande kisicho na jina.

Ni yeye Meku aliyetuelekeza machinjio ya Wahmong huko South St. Paul. Kwa wasiowafahamu, Wahmong ni watu wa milimani kule Laos, walikimbia vita ilipoisha mwaka 1975 na wengi wakaishia St. Paul, ni moja ya miji yenye Wahmong wengi zaidi Marekani. Binti yake Meku alikuwa anafanya kazi na mmoja wao ndio wakajuana. Unafika pale, wanyama wako hai, unachagua wako, wanakuchinjia, unaondoka naye mzima na kila kilicho chake.

Mume wangu siku hiyo alikuwa kazini ghalani kwa hiyo nikaenda mimi na Meku. Na hii niiseme wazi, nyumbani sijawahi kusimama mbuzi akichinjwa. Hiyo ni kazi ya wanaume huko mgombani, sisi tuko jikoni tunasubiri maini yaje. Hapa nimesimama na koti langu zito na buti, baridi kali ya kuumiza pua, mbele yangu kuna bibi wa Kihmong mfupi amejifunga skafu, anamwonyesha mchinjaji kwa kidole kitu kimoja kimoja: utumbo, bandama, kichwa, miguu, na ndoo yake ya damu mkononi. Anafunguafungua mfuko wa utumbo anakagua usafi, anakunja uso, anarudisha. Nikamwangalia nikasema huyu ni mama yangu kabisa. Zamu yangu ilipofika nikaomba vilevile, utumbo, bandama, kichwa, miguu, damu, na yule mchinjaji hakushangaa hata kidogo. Kuna machinjio mengi hukuhuku damu hawatoi na ukiomba wanakuangalia vibaya, pale hakuna aliyeniangalia vibaya.

Damu ni ya kisusio. Ambaye hajawahi kunywa nitamwelezea kwa kifupi: supu ya mbuzi iliyochemka na mifupa na matumbo, unaitia damu ukikoroga bila kuacha, inakuwa nzito ya kahawia, unaichemsha vizuri mpaka iive kweli, unakunywa ya moto. Siri ni kwamba damu ikishatoka tu uikoroge isigande, nilikwenda na ndoo yangu yenye chumvi na mwiko, nikakoroga pale pale nimesimama kwenye theluji mpaka mkono ukafa ganzi.

Tulipofika nyumbani Meku akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaomba kisu kimoja tu. Nikamletea na shoka dogo la mume wangu, akalisogeza pembeni. Tulitandika nailoni mezani. Kile nilichokiona pale nilitamani mtoto wangu wa kiume awe mkubwa zaidi akielewe, maana mzee hakuvunja mfupa hata mmoja. Kisu kinatafuta kiungo, anabonyeza kwa dole gumba, anachezesha mguu kidogo aone unapojikunja, kisu kinaingia pale pale na paja linaachia lenyewe. Kidari kikatoka kizima, kipana, na mafuta yake meupe. Anakiweka pembeni anataja ni cha nani. Anaendelea. Kila kinachowekwa mezani kina jina la mtu aliyekuwepo au anayekuja kesho, na mimi nawaandikia kwenye karatasi nabandika, friji yangu mwaka ule ilikuwa na majina ya watu.

Sasa ndizi. Mtori wa kwetu ni wa mshare, na mshare huku hakuna, ndizi za madukani karibu zote ni zile Cavendish za Guatemala, Ecuador, Costa Rica. Zinasafiri zikiwa mbichi halafu zinaivishwa kwenye vyumba vya gesi kabla ya kwenda dukani, kwa hiyo ukifika supamaketi ya kawaida umeshachelewa, hata ile inayoonekana ya kijani ndani imeshaanza sukari na mtori wake unakuwa na utamu usio na maana. Nenda maduka ya Wameksiko na watu wa Amerika ya Kati, wao wanapika ndizi mbichi kama sisi na wanaziuza za kijani kabisa, ngumu. Usichukue zile kubwa za mzuzu kwa ajili ya mtori, zinatoa kitu kizito cha kunata, hizo kaanga.

Kumenya: paka mafuta mikononi na kwenye kisu, la sivyo utomvu utakukaa kwenye kucha mpaka mwaka mpya. Menyea kwenye maji yenye chumvi na ndimu, maana Cavendish inabadilika rangi haraka kuliko mshare na mtori ukiwa wa kijivu watoto hawaugusi. Mifupa na nyama vichemke kwanza mpaka nyama iachie, toa nyama, tia ndizi na kitunguu kwenye ile supu, ziive mpaka zipasuke, ponda kwa mwiko, usitie kwenye blenda tafadhali, blenda inaufanya uvutike kama gundi. Rudisha nyama, samli kidogo, maziwa kama mnapenda. Mume wangu anasema Machame hawaweki maziwa, mimi nasema kwetu tunaweka, na kwa kuwa Kimachame na Kivunjo hata hatusikilizani vizuri huu ubishi tunaufanya kwa Kiswahili kila mwaka.

Mbege ndiyo ilinichukua muda mrefu kuliko vyote. Mama ndiye alinifundisha kwa simu, yaani mimi nimekua naona mbege inapikwa maisha yangu yote na sikuwa naijua. Ndizi mbivu zinachemshwa masaa mpaka zinageuka rangi nyekundu ya kahawia, zinaachwa siku kadhaa zichachuke, zinachujwa. Huku pembeni ulezi umelowekwa, umeoteshwa, umekaushwa, umesagwa, unapikwa uji na gome la msesewe lile chungu, unapoa, unachanganya na maji ya ndizi, unalala, kesho yake tayari. Ndizi zilizoiva kupita kiasi huku wanaziuza bei ya kutupa, hilo ni rahisi. Ulezi nilikuwa nahangaika mpaka mama mmoja Mkisii jirani yetu, maana Wakisii wa Kenya ni wengi sana Minnesota na wimbi, yaani huo huo ulezi, ni unga wao, akaniambia nenda duka la Wahindi uliza ragi. Na kweli, wanao, na wanao hata ule ambao umeshaoteshwa ukasagwa, pakiti imeandikwa kabisa. Nilisimama kwenye lile duka na pakiti mkononi nataka kulia.

Msesewe sina na sijajaribu kuleta, vitu vya mimea uwanja wa ndege unatakiwa uvitangaze na gome la mti usilolijua jina la kitaalamu litachukuliwa tu. Bila msesewe mbege yangu haina ule uchungu unaoshika nyuma ya ulimi, inaelekea kwenye togwa. Tunainywa hivyo hivyo. Ndoo naiweka karibu na tundu la hita sakafuni kwa sababu nyumba za huku usiku zinapoa, naifunika kitambaa, na siku ya pili ukipita unasikia inachemka chini kwa chini na harufu yake imeingia mpaka kwenye makoti. Wanaouliza kuhusu sheria, kupika bia nyumbani kwa matumizi yako mwenyewe serikali kuu iliruhusu tangu 1978, usiuze tu.

Ilikuwa usiku wa tarehe 23 mwaka ule, ndizi zinachemka jiko moja, mifupa jiko lingine, utumbo kwenye sinki unasubiri kuoshwa mara ya tatu, ulezi umeanza kushika chini, watoto wanalia usingizi, ndio ikanijia. Mama yangu amefanya hivi kila Desemba ya maisha yangu. Peke yake, na kuni. Sisi tulikuwa tunashuka kwenye gari tunakuta tayari.

Na sio usiku mmoja tu. Mama ana mkungu wa mshare aliouchagua tangu mwezi wa kumi, haukatwi hata aje nani. Mbuzi amefungiwa bandani miezi anakatiwa majani, anapelekewa maganda ya ndizi, anapelekewa maji. Ndizi za mbege ziko juu darini jikoni zinaiva kwa moshi. Kuni zimepangwa ukutani zikauke kabla ya mvua. Vitanda vimeazimwa kwa jirani, mashuka yamefuliwa, na bado tarehe 24 usiku anakwenda misa, anarudi anaweka mifupa motoni. Sisi tukifika tunamwambia mama umekonda, tunampa kitenge, tunakula, tunapiga picha, Januari tunaondoka. Wimbo wote wa Krismasi ya uchagani unaimbwa kuhusu wanaorudi, foleni zao, nauli zao, magari yao. Aliyebaki haimbwi. Lakini asingebaki yeye mtu angerudi wapi?

Basi jibu la lile swali langu nimelipata humo. Siwezi kuwa wa kurudi, lakini naweza kuwa wa kubaki. Naweza kuwa ile nyumba. Tangu nilipoelewa hivyo niliacha kuhesabu Krismasi za Minnesota kama zimepotea. Nikaanza kujiandaa mapema kama mama, ulezi Novemba, mbuzi kuwekewa oda, magodoro ya kupulizwa, na nikatangaza kwa kila ninayemjua kwamba nyumba iko wazi kuanzia tarehe 24, asiombe ruhusa, aje.

Wakaja. Kuna kijana wa Rombo anayesoma Fargo, North Dakota, karibu kilometa 380 mpaka kwetu, aliendesha kwenye theluji siku nzima kwa njia ya masaa matatu na nusu kwa sababu barabara ilikuwa imeganda. Alipofika hata viatu hajavua akaniuliza dada, mbege ipo? Nikamchotea. Sina kibuyu, nina vikombe vya udongo, Meku akaonja kwanza kama inavyotakiwa akamimina kidogo chini kwenye karai akawataja waliotangulia, kisha akampa kijana. Kijana akanywa akakaa kimya muda, akasema imekosa msesewe. Tukacheka wote. Akaomba nyingine.

Saa tano usiku ya tarehe 24 huku ni saa mbili asubuhi ya Krismasi Kilema, tofauti ni masaa tisa. Tunapiga simu ya video muda huo. Kule kaka zangu ndio wanaanza kuchuna, huku sisi wa kwetu ameshagawanywa, wanaelekeza simu kwa mbuzi wao na sisi tunaelekeza kwa wa kwetu, mama anataka aone kidari kilivyokatwa. Siku ya kwanza alipokiona hakusema kitu, alimwita baba mkubwa aje aone. Baba mkubwa akauliza nani kakata, Meku akasogea kwenye simu, wakaanza kuulizana koo zao, Marangu ya wapi, mtoto wa nani, ikabidi tuwaachie simu tukaendelea na kazi.

Kitu kimoja nimekibadilisha na nitakitetea. Nyumbani wanaume wanakula kwanza na wanawake tunabaki jikoni tukila kinachosalia huku tumesimama. Hapana. Kwangu hapana, na kama ningekuwa Kilema ningesema vilevile. Mwanamke aliyekesha na utumbo ana kipande chake kinachotajwa mbele ya watu na anakaa kitini kukila. Nilimwambia Meku kabla, kwa heshima, nikijua anaweza asipende. Alifikiri kidogo akasema nyumba hii ni yenu mwanangu, gawa. Mwaka uliofuata ni yeye mwenyewe aliyeita jina la yule mama Mkisii na kumkabidhi mgongo, kwa sababu ndiye aliyetupatia ulezi.

Binti yangu amezaliwa huku, ndiye anayebeba sahani. Nampa namwambia hii ya nani, anajua. Hii ya Meku, hii ya mjomba wa Fargo, hii ya mama jirani. Anajua kidari kwa macho. Shuleni waliambiwa wachore Krismasi yenu, akachora meza yenye mbuzi na mistari inayotoka kwenye kila kipande kwenda kwa mtu. Mwalimu alinipigia kutaka kuelewa, nikamwelezea, akaniomba nije darasani niwaeleze watoto. Nilikwenda na mtori kwenye chupa ya chai.

Kwa anayetaka kujaribu kuchoma ndafu, yaani mbuzi mzima, kipindi hiki sehemu za baridi kama zetu, usiwashe mkaa ndani ya gereji hata ukifungua mlango nusu, gesi yake inaua na haionekani. Choma nje, zungushia mabati kuzuia upepo, au mkate nusu nusu aingie kwenye oveni halafu ummalizie nje apate moshi. Na usimpange mezani mapema, mafuta ya mbuzi yanaganda kwenye sahani kabla mtu hajamaliza sala. Pasha sahani zenyewe kwenye oveni kwanza. Kiburu tunapika pia, ndizi na maharage, magadi sina natumia baking soda nusu kijiko cha chai kwa sufuria kubwa, ukizidisha ni sabuni.

Mama sasa umri umekwenda. Mwaka jana alitaka kukata mkungu mwenyewe akateleza, mkono ukateguka, na hapo ndipo mimi na ndugu zangu tukakaa kikao kwa simu tukakubaliana kwamba anayekwenda Kilema Desemba anatangulia wiki mbili kabla kufanya kazi, hafiki tarehe 24 na suti. Mdogo wangu wa mwisho amekubali kuchukua likizo mapema, anatangulia yeye na mke wake, na sisi wa huku tunachangia hela ya msaidizi kuanzia Novemba. Mama alipinga, akasema mnataka kuninyang'anya jiko langu. Tukambembeleza. Amekubali kwa sharti kwamba mbege haiguswi na mtu mwingine.

Huku kwetu mwaka huu tunachinja mbuzi wawili kwa sababu yule kijana wa Fargo anakuja na wenzake, Mnyakyusa na Mganda, na binamu yangu anakuja toka Texas na familia. Meku macho yamepungua nguvu kidogo kwa hiyo mume wangu ndiye atakayeshika kisu, mzee atakaa pembeni amwelekeze, wameshaanza mazoezi na mapaja ya kuku. Ulezi nimeloweka jana. Wanaokuja kutoka mbali wakipita duka la Wameksiko njiani wachukue ndizi, za kijani kabisa, na wanipigie kabla ya kulipa niwaangalizie kwenye video.